Maboga ya kiangazi Runzewe: Namna ya kuifanya ndoo ya maji ifike kwenye mizizi

RUNZEWE, BUKOMBE – Mvua za masika zinapokoma mwishoni mwa mwezi Mei, bustani za nyumbani katika eneo la Runzewe, wilayani Bukombe mkoani Geita, huingia katika kipindi kigumu cha mwaka. Kuanzia Juni hadi Septemba jua huwaka, upepo hukausha ardhi, na mboga za majani zilizokuwa zikichumwa nyuma ya nyumba huanza kununuliwa sokoni. Katika kipindi hichohicho maji nayo huwa ya kusubiriwa: foleni kwenye vituo vya kuchotea huongezeka, visima vifupi hupungua kina, na mwenye dumu huanza kuhesabu kila lita.

Ndiyo maana swali la namna ya kumwagilia maboga halipaswi kuchukuliwa kuwa dogo. Familia inayomwaga ndoo moja ya maji mahali pasipostahili imepoteza maji, nguvu za aliyeyabeba na mboga ya wiki hiyo. Familia inayoifikisha ndoo hiyohiyo kwenye mizizi inaweza kuendelea kuchuma majani wakati wa kiangazi na kuvuna maboga kabla ya mvua za vuli kutulia. Makala haya yanaeleza namna mmea wa boga unavyotumia maji, kiasi unachohitaji, mbinu za kuyaokoa, na jambo ambalo katika ukanda wa dhahabu lina uzito wa pekee: maji gani hayapaswi kuingia bustanini kwa hali yoyote.

Kwa nini maboga

Runzewe ipo kando ya barabara kuu itokayo Kahama kupitia Ushirombo kuelekea Nyakanazi. Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, iliingia katika Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Ni eneo la wakulima, wafugaji, wafanyabiashara na wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambako mahindi, mpunga, mihogo na viazi vitamu hujaza ghala. Hata hivyo, ghala lililojaa nafaka halimaanishi kwamba sahani imekamilika.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchini wana udumavu, na kwamba katika Mkoa wa Geita kiwango hicho ni asilimia 38.6. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi ya kuhara, malezi ya mtoto katika siku 1,000 za mwanzo na kipato cha kaya. Lakini ukosefu wa mlo wenye makundi mbalimbali ya chakula ni miongoni mwa sababu hizo.

Boga linaingia hapo kwa sababu karibu kila sehemu yake huliwa. Majani machanga, yakimenywa nyuzi na kuungwa kwa karanga, ni mboga inayofahamika katika kaya nyingi. Nyama ya boga lenye rangi ya njano iliyokolea au ya chungwa ina viambata ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, inayohitajika kwa uoni na kinga ya mwili. Mbegu zilizokaangwa zina protini, mafuta na madini ya zinki. Boga lililokomaa vizuri, likivunwa na kikonyo chake na kuwekwa mahali pakavu penye kivuli na hewa, hukaa kwa wiki nyingi bila jokofu. Kaya zinazokausha viazi vitamu kutengeneza michembe na matobolwa zinaelewa vyema thamani ya chakula kinachosubiri.

Namna mmea unavyokunywa

Ili kumwagilia vizuri, ni lazima kwanza kuelewa mahali maji yanapohitajika. Mmea wa boga hutuma mzizi mkuu kwenda chini, lakini mizizi mingi inayofyonza maji na virutubisho hutanda kwa upana katika udongo wa juu, hasa ndani ya sentimita 30 za mwanzo na kiasi chini yake. Mashina yanayotambaa pia huweza kutoa mizizi mipya kwenye vifundo vinavyogusa udongo wenye unyevu.

Juu ya ardhi, mmea huo una majani mapana, na upana huo ndio unaoufanya upoteze maji mengi kwa njia ya mvuke. Saa saba au saa nane mchana, jua linapokuwa kali, majani hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, hivyo hulegea na kuinama. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea: mtunza bustani akiona majani yameinama hukimbilia ndoo. Kulegea kwa mchana peke yake si dalili ya kiu. Kipimo sahihi ni jioni na asubuhi. Majani yakisimama tena jua linaposhuka, mmea una maji ya kutosha. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, udongo umekauka na maji yanahitajika siku hiyo.

Kipimo cha pili ni cha mkono. Udongo ulio karibu na shina ufukuliwe kwa kidole au kijiti hadi sentimita 10. Ukifumbatwa kiganjani ukashikamana, umwagiliaji unaweza kusubiri. Ukimwagika kama unga, wakati umefika. Vumbi la juu lisimdanganye mtu. Uso wa udongo hukauka mapema hata pale ambapo chini kuna unyevu.

Hesabu ya ndoo moja

Kwa wastani, bustani ya mboga huhitaji maji yanayolingana na mvua ya takriban milimita 25 kwa wiki, na zaidi ya hapo wakati wa joto kali na upepo. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji katika eneo la mita moja ya mraba. Kutokana na ukweli huo mdogo, kila kaya inaweza kufanya hesabu yake.

Chukua ndoo ya kawaida ya lita 20. Ikinyunyizwa juu ya tuta lenye ukubwa wa mita za mraba 10, kila mita hupata lita mbili, yaani milimita mbili tu. Maji hayo hulowesha uso wa udongo, huufanya uonekane mweusi na wenye kupendeza asubuhi, kisha hukauka siku hiyohiyo kabla ya kuifikia mizizi. Mtu aliyemwagilia kwa namna hiyo kila siku ya wiki ametumia ndoo saba, na mmea bado una kiu.

Sasa ndoo hiyohiyo imwagwe polepole ndani ya duara lenye upana wa mita moja, mmea ukiwa katikati. Duara hilo lina eneo la takriban mita za mraba 0.8, na lita 20 ndani yake ni sawa na mvua ya milimita 25. Katika udongo wa kichanga maji hayo yanaweza kushuka hadi karibu sentimita 30, mahali ilipo mizizi mingi. Ndoo ni ileile; tofauti ni mahali ilipomwagwa.

Kwa kanuni hiyo, mmea mmoja unaotunzwa nyumbani unahitaji kati ya ndoo moja na ndoo mbili kwa wiki, kutegemea umri wake na ukali wa jua. Miche minne itahitaji ndoo nne hadi nane, yaani lita 80 hadi 160 kwa wiki. Kwa kulinganisha, Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la huduma vijijini kuwa angalau lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400. Familia ya watu sita inayopata kiwango hicho hutumia lita 1,050 kwa wiki. Miche minne ya maboga inaweza, kwa hiyo, kutunzwa kwa chini ya sehemu moja ya sita ya kiasi hicho, na sehemu kubwa ya maji hayo inaweza kupatikana bila kugusa maji ya kunywa, kama itakavyoelezwa.

Hesabu hii pia inatoa onyo. Familia yenye uwezo wa ndoo sita kwa wiki isipande miche 20. Miche minne iliyoshiba hutoa majani na maboga. Miche 20 yenye kiu hutoa maua yanayodondoka.

Luseni na mbuga: kila udongo na kipimo chake

Wakulima wa Kanda ya Ziwa wana majina yao ya udongo, na majina hayo yana elimu ndani yake. Luseni, udongo mwepesi wa kichanga unaopatikana kwenye miinuko, hupokea maji haraka lakini hauyashiki kwa muda mrefu. Anayelima kwenye luseni agawe kiasi cha wiki mara mbili au tatu: nusu ndoo leo, nusu nyingine baada ya siku tatu. Kumwaga yote kwa pamoja ni kuyaruhusu yapite chini ya mizizi. Samadi iliyooza vizuri, debe moja au zaidi katika kila shimo kabla ya kupanda, huuongezea udongo huo uwezo wa kushika unyevu.

Mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, una tabia iliyo kinyume. Hupokea maji polepole, huyashika kwa muda mrefu, na ukikauka hupasuka. Hapa maji yamwagwe kidogokidogo, kila kiasi kikisubiriwa kinywewe, na umwagiliaji unaofuata ucheleweshwe hadi kipimo cha mkono kithibitishe kuwa unyevu umepungua. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo uliojaa maji muda wote huozesha mizizi, na majani hugeuka njano hali ya kuwa mmea umesimama katika tope. Mwenye bustani akiona njano hiyo na kuongeza maji, anauzamisha mmea alioukusudia kuuokoa.

Jaluba dogo kwa kila mche

Wakulima wa mpunga wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa namna ya kuzuia maji yasikimbie. Majaluba yao ni ushahidi. Ujuzi huohuo unaweza kuhamishiwa nyuma ya nyumba kwa kipimo kidogo. Kuzunguka kila mche, umbali wa nusu mita kutoka kwenye shina, jenga ukingo wa udongo wenye kimo cha sentimita 10 hadi 15. Shina lenyewe likae juu ya kichuguu kidogo katikati ili maji yasituame kwenye shingo ya mmea, ambako huleta uozo. Maji yamwagwe ndani ya ukingo huo, si juu ya majani.

Baada ya kumwagilia, funika udongo ndani ya jaluba kwa matandazo: nyasi kavu zisizo na mbegu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, pumba za mpunga au maganda ya karanga, kwa unene wa sentimita tano hadi nane. Matandazo huzuia jua lisipige udongo moja kwa moja, hupunguza magugu yanayoshindania maji, na huzuia tope lisirukie majani yanayoliwa. Kwa kuwa mchwa ni wengi katika maeneo mengi ya wilaya, matandazo yasiguse shina. Paachwe nafasi ya upana wa kiganja, na yakaguliwe kila wiki.

Mbinu nyingine ni ya chungu. Mtungi wa udongo unaopoza maji ya kunywa hutoa jasho kwa sababu kuta zake zina vitundu vidogo visivyoonekana. Chungu cha aina hiyo, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, kikifukiwa ardhini hadi shingoni na kujazwa maji, hutoa jasho hilo ndani ya udongo, polepole, pale mizizi ilipo. Udongo ukiwa na unyevu chungu hutoa kidogo. Ukikauka hutoa zaidi. Mche upandwe umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye chungu, na mdomo wa chungu ufunikwe wakati wote ili mbu wasizaliane ndani na watoto wasichezee maji hayo. Pasipo na chungu, chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyotobolewa matundu madogo kwenye kifuniko na kuchimbiwa kichwa chini huweza kusaidia, ingawa inahitaji kujazwa mara kwa mara na matundu yake huziba kwa tope.

Saa ya kumwagilia

Wakati bora ni asubuhi, kati ya saa 12 na saa 2. Hewa bado ni ya ubaridi, upepo ni mdogo, na maji hupata nafasi ya kuzama kabla ya jua kupanda. Jioni, kuanzia saa 11, ni wakati wa pili unaofaa kwa wale ambao zamu yao ya maji huwa mchana, ilimradi majani yasilowe. Majani yanayolala na maji usiku hukaribisha maradhi ya ukungu, hasa ubwiri vinyoya, unaoonekana kama mabaka ya njano juu ya jani na vinyoya vya kijivu chini yake.

Iko sababu nyingine ya kutonyunyiza maji juu ya mmea asubuhi. Maua ya boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Mmea huwa na maua dume, yenye kikonyo kirefu chembamba, na maua jike, yenye kiboga kidogo chini yake. Nyuki ndio wanaobeba chavua kutoka ua dume kwenda ua jike katika saa hizo chache. Ndoo inayomwagwa juu ya maua hulowesha chavua na kuwafukuza nyuki.

Hapa inafaa kueleza jambo linalowatatiza wengi. Viboga vidogo vikigeuka njano na kudondoka, si lazima viwe vimekosa maji. Mara nyingi havikupata chavua. Kuongeza ndoo hakutaponya tatizo hilo. Mtunza bustani anaweza kuchuma ua dume lililofunguka asubuhi, kuondoa petali zake na kugusisha chavua katikati ya ua jike. Aidha, viuatilifu visipulizwe asubuhi wakati nyuki wapo kazini.

Maji kwa kila hatua ya ukuaji

Mbegu zipandwe kwenye shimo lililomwagiliwa siku iliyotangulia, kina cha sentimita tatu, mbili au tatu kwa shimo, kisha ubakizwe mche mmoja wenye nguvu. Kati ya siku ya tano na ya kumi miche huchomoza. Katika kipindi hicho udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Lita moja au mbili kila baada ya siku mbili zinatosha.

Kadiri mmea unavyotambaa, kiasi kiongezwe na siku za kumwagilia zipunguzwe, ili mizizi ishawishike kwenda chini kuyafuata maji. Mmea unaopewa kikombe kila siku hubaki na mizizi ya juu na huwa wa kwanza kunyauka siku kituo cha maji kitakapokosa huduma. Baada ya wiki tano hadi sita, uchumaji wa majani unaweza kuanza kwa kiasi, bila kuunyang'anya mche majani yake yote kwa siku moja.

Kipindi kisichovumilia uzembe ni cha maua na kukua kwa matunda. Mmea ukikauka hapo, maua hudondoka na maboga hudumaa. Kama kaya ina uwezo wa ndoo mbili kwa wiki kwa kila mche, ndoo hizo zihifadhiwe kwa ajili ya wiki hizi. Chini ya kila boga linalokua liwekwe fungu la nyasi kavu ili lisiozee kwenye udongo wenye unyevu. Ganda linapoanza kuwa gumu kiasi cha kutopenya ukucha, na kikonyo kikianza kukauka, maji yapunguzwe na hatimaye yasitishwe. Boga lililonyweshwa hadi siku ya kuvunwa halikai.

Maji yatoke wapi

Chanzo cha kwanza ni paa. Paa la bati lenye mita za mraba 40, kwa mvua ya milimita 10 tu, hupokea lita 400. Hata robo au moja ya tano ikipotea, zinabaki lita 300 au zaidi, sawa na ndoo 15. Mvua za mwisho wa masika na zile za mwanzo wa vuli zinaweza kuhifadhiwa katika mapipa yaliyofunikwa. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husaidia kupanga tarehe ya kupanda ili mmea uanze maisha yake kwa unyevu uliobaki ardhini.

Chanzo cha pili ni maji yaliyokwishatumika nyumbani. Maji ya kuoshea mboga, mchele na matunda yanafaa bila masharti mengi. Maji ya kusuuzia nguo yanaweza kutumika, yakimwagwa kwenye udongo na kamwe si kwenye majani. Lakini maji ya kwanza ya kufulia, yenye sabuni nyingi ya unga, yaachwe, kwa kuwa chumvi zake hujikusanya na kuudhuru udongo. Maji yaliyofulia nepi za mtoto, yenye dawa ya kuondoa madoa au yenye mafuta mengi yasitumike kabisa. Maji hayo pia yasilazwe zaidi ya siku moja, kwani huoza na kuzalisha vijidudu.

Kwa wanaotegemea miradi inayosimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) kupitia vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ni busara kuchota maji ya bustani katika saa ambazo foleni ni fupi, ili asiyepata ya kunywa asizuiwe na wa kumwagilia.

Maji yasiyopaswa kufika bustanini

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita lipo dimbwi ambalo kiangazi hulifanya livutie: lile lililo karibu na makarasha, mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu na mitambo ya uchenjuaji. Maji yake yapo wakati vyanzo vingine vimekauka, na hayahitaji foleni. Hayapaswi kutumika kwa mboga.

Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kukamatisha dhahabu. Zebaki inayobaki huingia kwenye marudio na matope ya mialo. Ile inayochomwa hupanda kama mvuke na kutua juu ya udongo na majani ya jirani. Baadhi ya mitambo hutumia sayanaidi kuchenjua marudio hayo. Aidha, mawe yenye dhahabu huweza kubeba madini mengine yenye sumu, kama arseniki na risasi, yanayoachiliwa yanaposagwa. Zebaki huathiri mfumo wa fahamu, na wanaodhurika zaidi ni watoto walio tumboni na wale wachanga. Yaani walewale ambao mboga ya bustani ilikusudiwa kuwajenga. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na wajibu wa kupunguza matumizi yake ni wa kitaifa. Lakini ulinzi wa kwanza wa sahani ya mtoto unaanzia kwenye uamuzi wa mahali pa kuchota maji.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, rangi na harufu si vipimo. Maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakawa na sumu. Pili, kuchemsha hakuondoi metali. Maji yanapopungua kwa mvuke, metali hubaki katika yale yaliyosalia. Vilevile, kuosha majani hupunguza vumbi la juu lakini hakutoi kilichoingia ndani ya mmea. Tatu, udongo wa marudio usitumike kujaza mashimo ya kupandia wala kujengea matuta, na bustani iwekwe mbali na mahali zebaki inapochomwa. Mwenye shaka kuhusu kisima kilicho jirani na shughuli za uchenjuaji awasiliane na ofisi ya RUWASA ya wilaya au Afisa Afya wa kata ili sampuli ichukuliwe. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Kulinda chanzo ili kesho kuwe na ndoo

Kiangazi huwavuta baadhi ya wananchi kuhamishia bustani zao kandokando ya mito na mabwawa, ambako udongo una unyevu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo hizo shughuli za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya vyanzo hivyo. Kingo zikilimwa, udongo huporomoka, chanzo hujaa mchanga, na maji yaliyofuatwa hutoweka. Bustani ya nyumbani yenye majaluba madogo, matandazo na maji ya paa inampa mwananchi mboga bila kumlazimisha kukigusa chanzo.

Mwananchi anayetaka kuanza anashauriwa kumwona Afisa Ugani wa kata yake kwa ushauri kuhusu mbegu, udongo na visumbufu vya mimea. Kwa sasa, hatua ya kwanza haihitaji gharama: kupima duara la mita moja kuzunguka mche uliopo, kujenga ukingo wake, kutandaza nyasi, na asubuhi inayofuata kumwaga ndoo moja ya maji safi, polepole, hadi udongo uinywe yote.